Besi ya Kukodi Haizai Mtindo

Mpiga besi wa Dar es Salaam siku hizi ni mtu wa bendi nyingi. Alhamisi yuko hotelini Masaki na kikundi cha watu watano kinachoburudisha wageni wanapokula. Ijumaa amekodiwa na bendi ya dansi ambayo mpigaji wake amesafiri. Jumamosi ni harusi Tabata au Mbezi Beach, Jumapili asubuhi anapigia kanisani na jioni yuko kwenye bonanza. Wenzake humwita deiwaka, jina walilolitoa kwa madereva na makondakta wanaoshika daladala ya mwenzao kwa siku moja, na yeye mwenyewe halioni kuwa tusi. Gitaa ni lake, nyimbo anazozijua hazihesabiki, na akipigiwa simu haulizi mazoezi ni lini. Anauliza jukwaani ni saa ngapi na malipo ni kiasi gani. Hoja yangu ni kwamba mtu huyu, pamoja na ustadi wake wote, ndiye anayetuonyesha kwa uwazi kuliko mwingine yeyote kwa nini muziki wetu wa dansi umeacha kuzaa mitindo. Kosa si lake. Biashara ya muziki wa jukwaani tumeijenga hivi kwamba usiku wa onyesho ndio pekee unaolipwa, na saa ambazo mtindo hutengenezwa, yaani saa za mazoezi, hazina mlipaji.

Atakayeuliza kwa nini nimeanzia kwa mpiga besi, badala ya mwimbaji ambaye jina lake ndilo liko kwenye bango, ana haki ya kujibiwa. Besi ni chombo ambacho wasikilizaji wengi hawakitaji kwa sababu hawajui kwamba wanakisikia. Uzi wake mnene kuliko yote, ukipigwa wazi, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, kiwango ambacho spika ndogo ya simu haiwezi kukitoa. Anayesikiliza wimbo kwenye simu hupata kivuli tu cha besi, na sikio lake hukamilisha sehemu iliyokosekana. Ukumbini ni mambo mengine. Katika dansi, gitaa la solo, la pili na la rhythm kila moja huzungusha kipande chake kifupi, tumba na drams vikijibizana chini yake, na besi ndiyo inayoamua vipande hivyo vikae vipi. Ikitua pamoja na ngoma kubwa kwenye pigo la kwanza, watu wanacheza hivi. Ikilisusa pigo hilo na kuingia baadaye ikiijibu tumba, viuno vinakwenda vingine kabisa ingawa magitaa hayajabadili hata noti moja. Anayetaka ushahidi asikilize Sina Makosa ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, ambao wengi wao chimbuko lao lilikuwa Tanganyika. Sauti za Issa Juma na John Ngereza zinajulikana Afrika Mashariki nzima. Lakini kinachofanya watu wainuke vitini kabla ya neno la kwanza ni besi ya Tom Malanga, yenye mapengo yaliyopimwa kiasi kwamba hata asiyejua muziki anaweza kuiimba kwa mdomo. Wangapi kati ya wanaoiimba wanalijua jina lake?

Besi ya namna hiyo haiji usiku wa onyesho. Huja mchana, kwenye ukumbi usio na watu, wimbo ukirudiwa hadi mpiga tumba achoke na mtu mmoja aseme, hapo, acha hapo hapo. Bendi zilizotuachia mitindo zilikuwa na mchana huo kwa sababu kulikuwa na aliyeulipia. NUTA Jazz ilizaliwa 1964 ndani ya chama cha wafanyakazi, ikabadili jina kila chama kilipobadili, ikawa JUWATA kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya jumuiya ya vijana, na polisi na jeshi nao walikuwa na zao. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na kampuni hiyo ilipoyumba bendi ikachukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, lenye kumbi zake. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Vyombo vilikuwa vya taasisi, mshahara ulikuwa wa mwezi, na siku za kati ya wiki zilikuwa za kutunga. Ndiyo maana bendi zilijulikana kwa mitindo yao kabla ya majina yao rasmi: Sikinde ya Mlimani Park, Msondo ya NUTA, Saboso ya Western Jazz, Chakachua ya Urafiki. Shabiki aliyekuwa nje ya ukuta wa ukumbi, ambako besi hupenya kuliko chombo kingine chochote, alijua nani yuko ndani kabla mwimbaji hajashika maikrofoni.

Redio nayo ilidai mazoezi, ingawa hili halisemwi sana. Kwa miaka mingi studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa njia kuu ya wimbo kuwafikia wananchi, na pale bendi ilirekodi ikipiga yote kwa pamoja. Hapakuwa na nafasi ya mpiga besi kurudi kesho yake peke yake akasahihishe kipande alichokosea, kama ifanyikavyo leo kwenye kompyuta. Aliyefika hajajiandaa aliwaharibia wenzake wote. Kwa hiyo hata bendi isiyopenda mazoezi ililazimika kuyafanya, na ubora tunaousikia kwenye kanda zile, tunaopenda kuuita kipaji cha enzi zile, sehemu yake kubwa ni nidhamu iliyoletwa na ufinyu wa mitambo.

Kilichovunja mpango ule kinajulikana, wala hakuna haja ya kukirefusha. Uchumi wa mashirika ya umma ulidhoofika katika miaka ya 1980, na miaka ya 1990 mengi yakauzwa au yakafungwa, na bendi ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuonekana ni anasa. Redio binafsi zilianza kusikika 1994 na kuleta sauti nyingine. Kilichobaki ni mlango. Desturi ya kumbi nyingi ni kwamba mwenye ukumbi anauza bia na nyama choma, bendi inakula kiingilio. Tufanye hesabu ya kubuni. Watu 150 wamelipa shilingi 10,000 kila mmoja, zimeingia 1,500,000, ambazo kwa usiku wa kawaida si haba. Toa vyombo vya kukodi, gari, mafuta, tangazo na mtu wa mlangoni. Tuseme zimebaki 900,000. Bendi kamili ya dansi, yenye waimbaji, magitaa, wapuliza saksafoni na tarumbeta, ngoma na wanenguaji, haipungui watu 15. Kila mmoja anapata 60,000. Sasa mwambie mtu huyo aje mazoezini mara tatu wiki hiyo, na kila safari imgharimu shilingi 10,000 za nauli na chakula. Umemwomba akupe nusu ya malipo yake. Haji, na mwenye akili timamu angefanya hivyo hivyo. Kiongozi wa bendi anafahamu hilo, kwa hiyo anachagua nyimbo ambazo kila mtu anazijua tayari.

Hapo ndipo kopi ilipotawala. Sina ugomvi na kopi. Bendi zote kubwa zilianza kwa kuiga, na rumba ya Cuba iliyofika kwa santuri ilikopiwa pwani hii yote kabla haijawa yetu. Tatizo ni kile tunachokikopi. Wimbo ambao deiwaka watano wasiokutana tangu mwezi uliopita wanaweza kuupiga pamoja bila mazoezi ni zilipendwa, na zilipendwa ni nini kama si kazi ya watu waliolipwa kufanya mazoezi? Usiku mzima mpiga besi wetu anarudia mistari iliyobuniwa na mpigaji mwingine aliyekaa kiti kimoja miaka kumi, akiwa na mshahara. Tunakula mtaji, na kila mwaka unaopita bila wimbo mpya wa dansi kushika mji ni mwaka ambao mtaji haukuongezwa. Tena anayerudia analazimika kurudia kwa wastani: hawezi kuweka pengo pale anapolisikia yeye, kwa sababu mpiga drams wa leo si wa jana na hajui kwamba pengo linakuja. Anapiga toleo salama, lile ambalo halitamshangaza mtu. Bendi tano zilizokodi watu walewale kwa zamu haziwezi kutofautiana, hata zikivaa sare tano.

Wapo watakaosema haya ni majonzi ya wazee, na kwamba hata zamani wanamuziki walihama bendi kama kawaida. Walihama kweli, na kwa vishindo. Mwaka 1985 bendi ya Orchestra Safari Sound iliwachukua mwimbaji Muhiddin Gurumo na wenzake kadhaa kutoka Mlimani Park, mji ukazizima. Lakini tazama walikohamia. Walikuta vyombo, mahali na muda, na wakaanzisha mtindo mwingine, Ndekule, wakati Sikinde nayo ikilazimika kujipanga upya na kutunga. Kuhama kwa wakati ule kulikuwa kutoka nyumba moja kwenda nyumba nyingine, na kila nyumba ilikuwa na jiko lake. Deiwaka hahami, kwa kuwa hajawahi kuwa na makazi. Ukweli mwingine ni kwamba mfumo ule haukuwa pepo. Aliyemiliki vyombo alimiliki na mwanamuziki. Anayeondoka aliondoka mikono mitupu, na nyimbo zilipaswa kumridhisha mwajiri ambaye mara nyingi alikuwa chama au serikali. Sidai turudishwe huko. Nadai kwamba ndani ya mfumo wenye kasoro nyingi kulikuwa na kitu kimoja cha thamani, tulichokitupa pamoja na kasoro zake.

Pingamizi lililo zito zaidi hutoka kwa wapigaji wenyewe. Deiwaka, wanasema, ndiye mwanamuziki pekee wa bendi mwenye uhuru. Analipwa usiku uleule, hasubiri meneja akamilishe hesabu zisizokamilika, na bendi ikivunjika kesho yeye ana simu nyingine tatu za kupokea. Ni kweli, na yeyote anayewalaumu vijana kwa kukosa uaminifu kwa bendi hajatazama jinsi bendi zenyewe zilivyokosa uaminifu kwao. Ila uhuru huo una bei ambayo haitajwi wakati wa kupatana malipo. Wiki ya homa ya dengue, au ya kidole kilichokatwa na kisu cha jikoni, ni wiki ya kutoingiza hata senti. Ramadhani kumbi nyingi hupoa, na mwezi huo hauna mshahara. Na kuna hasara iliyojificha zaidi: deiwaka akibuni kipande kizuri cha besi usiku wa leo, hana sababu yoyote ya kukitunza. Hakitarekodiwa kwa jina lake, wiki ijayo atakuwa kwingine, na atakayekaa kitini pake atakiiga au atakiacha. Tumemfundisha kwamba ubunifu wake ni zawadi anayomtupia mpita njia.

Sheria, ajabu ni kwamba, ilishaona mbali kuliko desturi zetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimlindi mtunzi peke yake. Inamtambua pia mtendaji, yule aliyepiga au kuimba. Lakini katika bendi zetu mtunzi ni aliyeleta maneno na mahadhi, basi. Mpiga besi aliyeugeuza wimbo wa kawaida kuwa wimbo wa kuchezeka huwa hayumo kwenye karatasi yoyote, na asiyeandikwa hawezi kudai. Nchini Kenya kuna chama kilichoundwa mahususi kwa ajili ya haki za watendaji, wakiwemo wapigaji wa kukodi studioni. Ugomvi wa vyama vya makusanyo huko haujawahi kukauka, lakini angalau swali limeulizwa: nani alipiga? Kwetu swali hilo lingeanza kujibiwa kwa orodha fupi tu, majina na vyombo, inayojazwa siku ya kurekodi na kusainiwa na wote kabla hawajatoka studio. Haigharimu chochote zaidi ya wino.

Wengine watasema mtindo mpya upo tele ila siuoni kwa kuwa nimeshika gitaa: singeli imetoka Manzese, Bongo Fleva imevuka mipaka, amapiano inachezwa kila mahali na besi yake inatoka kwenye kompyuta. Nakubali kila neno, na nadhani ushahidi huo uko upande wangu. Singeli haikutoka hotelini wala kwenye kumbi za kiingilio. Ilitengenezwa uswahilini na vijana waliokuwa na kompyuta, vipande vya taarabu vya kuzungusha na kuharakisha, na kitu ambacho bendi ilikipoteza, yaani muda. Mtayarishaji anayekesha chumbani akirudia kipande kimoja mara mia, akikipeleka kwenye sherehe ya kigodoro mtaani, akiona watu wamekipokeaje na kurudi kukirekebisha, anafanya mazoezi kwa maana kamili ya neno hilo. Mtindo ulijitokeza pale palipokuwa na saa za kuharibu na kurekebisha. Haukufuata ufundi wa vidole. Ungefuata vidole, deiwaka wetu wangekuwa na mitindo kumi.

Zanzibar inanilazimisha nirekebishe hoja yangu kidogo. Ikhwani Safaa ina historia ya tangu 1905, na Culture Musical Club nayo ni ya miongo mingi, na wengi wa wanachama wake hawajawahi kuishi kwa muziki. Ni mafundi, makarani, wafanyabiashara, wanaokutana jioni kwenye jumba la klabu na kufanya mazoezi bila malipo, na dabalbesi yao inasikika ya kwao na si ya mwingine. Hali ni hiyo hiyo kwenye makanisa mengi ya bara, ambako mpiga besi wa kwaya ana siku zake za mazoezi kila wiki na mara nyingi hapewi zaidi ya nauli. Basi si fedha pekee inayofanya kazi. Wanachoshirikiana klabu ya taarabu na kanisa ni nyumba: mlango unaofunguliwa siku zilezile, vyombo vilivyokwisha fungwa, na watu wanaotarajiana. Mcheza kwao hutuzwa, wamesema wahenga, na deiwaka hana kwao. Lakini mtu wa klabu ana mshahara wa kazi nyingine. Anayeishi kwa besi hana. Yeye nyumba bila posho haimtoshi, na posho bila nyumba itaishia kwenye nauli.

Kwa sababu hiyo sitegemei sana matamasha kuokoa jambo hili, ingawa Sauti za Busara imefanya kazi ya heshima kwa kushikilia muziki wa laivu tangu 2004. Bendi iliyokusanywa kwa ajili ya tamasha na kuvunjwa Jumatatu ni udeiwaka uleule wenye taa nyingi zaidi. Mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa ingeweza kusaidia kama ingekubali kuhesabu mazoezi kuwa gharama halali, kama inavyokubalika gharama ya kununua mashine ya kushonea. Lakini penye wepesi zaidi ni kwa mwenye ukumbi. Badala ya kuita bendi tofauti kila Ijumaa, aingie mkataba na moja kwa miezi sita, na ukumbi wake ambao Jumanne na Jumatano mchana una viti vilivyopinduliwa tu aufungue kwa mazoezi. Posho ya siku hizo aikate kwenye mauzo ya bia, kwa kuwa mauzo hayo ndiyo yatakayopanda bendi ikipata watu wake, na kwa desturi ya sasa bendi haionji hata kidogo humo. Masharti yawe mawili: wimbo mmoja mpya kila mwezi, na orodha ya waliopiga.

Mwenye ukumbi atasema miezi sita ni mirefu na wateja wake wanataka zilipendwa. Awapigie zilipendwa hadi saa tano usiku, kisha kipya kimoja, tena na tena, mpaka watu wakizoee. Nyimbo za Sikinde nazo zilikuwa ngeni siku ya kwanza. Ugumu halisi uko kwa mpiga besi. Siku atakapokubali kiti cha kudumu atalazimika kukataa harusi ya Tabata na hoteli ya Masaki, na wale waliokuwa wakimpigia simu watampigia mwingine, na hawatarudi kwa urahisi. Hatari hiyo ataibeba peke yake kabla mtu mwingine hajapoteza chochote, kwa hiyo malipo ya mwezi wa kwanza yatangulie, yawe mkononi mwake kabla hajakata simu ya kwanza.